Kinyago, ngumi na tawi la mzeituni

Nianze kwa kukiri. Mimi ni mtu mzima, nina miaka 27, nina shahada, nina kitambulisho cha uandishi wa habari na nalipa kodi ya chumba (sawa, wakati mwingine nachelewa). Na Jumamosi iliyopita nilikaa dakika arobaini nzima mbele ya kompyuta nikimchagulia mtu asiyekuwepo namna ya kumjibu mdogo wake asiyekuwepo. Chai ikapoa. Mwenye nyumba akapita dirishani, akanichungulia, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Ukitaka kucheka, ruksa. Mimi mwenyewe nilianza kwa kucheka, na ndiyo maana naandika.

Kwa wale ambao wakisikia gemu wanafikiria mpira tu, ule wa vibandani ambako vijana wanalipia mechi moja moja na kutaniana kama wako Kariakoo siku ya Simba na Yanga, kuna gemu za aina nyingine. Hizi huchezi ili ufunge goli. Unapewa mhusika mmoja, unamtengeneza sura, unampa jina, halafu unaishi ndani yake kama mwigizaji anavyoishi ndani ya nafasi aliyopewa kwenye tamthilia. Anapigana, ndiyo, mapanga yapo na majoka yapo. Lakini muda mwingi anaongea na watu. Na kila akiambiwa neno, gemu inasimama na kukuuliza wewe uliyekaa kwenye kiti: ajibuje?

Zamani shujaa wa namna hii mara nyingi alikuwa bubu. Kwenye Planescape: Torment ya mwaka 1999, kazi ya Black Isle Studios, unaletewa majibu kwa orodha, unasoma, unachagua moja, basi. Sauti unaisikia kichwani mwako mwenyewe. Ila gemu ile ilikuwa na kitu ambacho mpaka leo nakivulia kofia. Mara nyingine inakupa sentensi ile ile mara mbili, neno kwa neno. Moja imeandikwa kwamba ni ya kweli, nyingine imeandikwa kwamba ni ya uongo. Unayeongea naye anasikia maneno yale yale. Tofauti unaijua wewe tu. Naomba hilo ulishike, nitalirudia huko chini.

Mwaka 2007 wakaja BioWare, kampuni ya Edmonton, Kanada, na gemu yao ya anga inayoitwa Mass Effect. Hapo Kamanda Shepard anasema kwa sauti ya mtu kabisa: Mark Meer ukicheza mwanamume, Jennifer Hale ukicheza mwanamke. Badala ya orodha ndefu kuna duara. Majibu ya kiungwana yako juu, ya ubabe yako chini. Na kuna pointi za uungwana na pointi za ubabe. Kwa kuwa pointi ndizo zinazokufungulia majibu yenye nguvu ya kushawishi watu, wengi wetu tukawa tunabonyeza juu, juu, juu hadi mwisho, au chini, chini, chini, bila hata kusoma kilichoandikwa. Unajua ilivyo, ni kama diwani anayepiga kura kwa kuangalia mkono wa aliyekaa jirani.

Lakini niliyekaa naye dakika arobaini ni mwingine, anaitwa Hawke. Huyu ni wa Dragon Age II, iliyotoka Machi 2011, kampuni ile ile. Ni gemu iliyosemwa sana. Mapango yake yanajirudia mpaka unayajua kama njia ya kwenda chooni usiku, na katika hilo waliolalamika naungana nao. Mimi niliipata juzi juzi kwa bei ya soda chache, nikaona laptopu yangu mzee inaimudu, nikaingia.

Hadithi yenyewe ni ya familia ya wakimbizi. Kijiji chao kinavamiwa, wanakimbia, wanavuka bahari hadi mji wa Kirkwall, mji uliojengwa kwa jasho la watumwa, na pale wanaanza upya wakiwa hawana kitu. Anayetusimulia ni kibeti mmoja, Varric, ambaye amekamatwa na anahojiwa. Anaanza kwa chumvi nyingi kweli kweli, Hawke anaua maadui kama anafyeka majani, mpaka mwanamke anayemhoji anamkatisha na kumwambia aache uongo. Nilimpenda Varric hapo hapo. Nimeshafanya kazi na akina Varric kadhaa kwenye vyumba vya habari. Baadhi wamepandishwa vyeo.

Sasa sikiliza hii. Hawke akitakiwa kujibu, duara linakuonyesha maneno machache tu, muhtasari. Sentensi kamili huijui mpaka atakapofungua mdomo. Kwa hiyo wametengeneza alama ya kukusaidia katikati ya duara. Tawi la mzeituni: atajibu kwa upole, kwa kutafuta suluhu. Kinyago cha kicheko: atatia utani. Ngumi: atakuwa mkali. Zipo alama nyingine, lakini hizo tatu ndizo msingi. Maana yake huchagui maneno, unachagua mdomo.

Na walioitengeneza waliongeza ujanja mmoja. Gemu inahesabu. Kimya kimya, bila kukuambia, inahesabu ni alama ipi unaibonyeza zaidi. Ukishaibonyeza vya kutosha, hiyo inakuwa tabia ya Hawke. Kuanzia hapo, zile sentensi ndogo ndogo ambazo hukuulizwa, salamu, maneno ya katikati ya vita, jibu la haraka mtu anapomshtua, anazisema kwa sauti hiyo. Ukiwa mtu wa ngumi, anakoroma. Ukiwa mtu wa kinyago, anatania. Hujabonyeza kitu, umekaa tu mkono uko kwenye kipanya, na yeye anatania.

Mimi mara ya kwanza sikufikiri mara mbili. Nilibonyeza kinyago kutoka dakika ya kwanza.

Niwaeleze kwa nini. Nilipoanza kazi gazetini, wiki ya tatu hivi, nilitumwa na mpiga picha wetu kwenye ajali ya basi. Sitaeleza nilichokiona. Nitasema tu kwamba njiani kurudi yule mzee alipiga utani kutoka tulipopanda gari hadi tulipoteremka, na mimi nikamwona ni katili. Mwezi wa sita nilikuwa naufanya mimi. Chumba cha habari kinaendeshwa kwa utani kama daladala inavyoendeshwa kwa honi. Mhariri akikukatia habari yako nusu, unatania. Mshahara ukichelewa, unatania. Unarudi kutoka msibani ukiwa umemwomba mama wa watu picha ya marehemu, unatania haraka sana kabla hujakaa kwenye kiti. Wanaotusema kwamba hatuna roho wamekosea. Roho tunazo, tumeziwekea kinyago.

Kwa hiyo Hawke wangu alikuwa mcheshi. Pia nilimfanya mchawi, maana wachawi kule wanarusha moto (mama, kama unasoma, ni gemu tu). Kumbe uamuzi huo una gharama. Hawke ana wadogo wawili mapacha, Bethany na Carver. Ukiwa mchawi, Bethany anauawa mwanzoni kabisa wakati wanakimbia, anabaki Carver. Ukiwa mtu wa upanga, ni kinyume chake. Hukuulizwa. Unachagua namna ya kupigana, kumbe umechagua nani azikwe.

Basi nikabaki na Carver. Carver ni kijana mwenye nguvu, anabeba upanga mkubwa, alishapigana kwenye jeshi la mfalme. Na ana kinyongo. Maisha yake yote ameishi kwenye kivuli cha mkubwa wake. Kila jambo ni kaka, kila sifa ni kaka, yeye ni yule mwingine. Analalamika, ananuna, anajibu mkato. Wachezaji wengi hawampendi. Mimi nilimwona anachekesha, na kila aliponuna nilibonyeza kinyago. Hawke anamrushia neno, Carver anazidi kununa, mimi nacheka peke yangu chumbani saa sita ya usiku.

Halafu inafika safari ya chini ya ardhi, kwenda kutafuta mali itakayoitoa familia kwenye umaskini. Mama yao anakuja na kuomba: usimchukue mdogo wako, nimeshazika mmoja. Nikamwacha nyumbani. Nikaenda, nikapata mali, nikarudi kifua mbele. Nikakuta Carver amejiunga na Templar. Hao ni askari wa dini ambao kazi yao ni kuwalinda watu dhidi ya wachawi, na kuwasaka wachawi waliotoroka. Yaani mtu kama mimi. Mdogo wangu ameenda kuvaa sare ya wanaonitafuta.

Nikazima kompyuta. Nilisema moyoni, gemu ya kijinga. Lakini sikupata usingizi, na sababu unaweza kuwa umeshaihisi.

Nina mdogo wangu. Wa kweli, mwenye pumzi. Ana miaka 22. Alipomaliza diploma yake alikuja kukaa kwangu hapa Dar, kwenye hiki hiki chumba, atafute kazi. Akapita ofisi kwa ofisi na bahasha ya kaki. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano. Na mimi kila jioni nikirudi nilikuwa na salamu yangu moja: "Vipi mheshimiwa waziri, baraza limekaa leo?" Mwanzoni alikuwa anacheka na kunijibu, "Limeahirishwa, bro." Baadaye akawa anajibu neno moja. "Poa." Nikimuuliza, dogo vipi, uko sawa? "Niko poa, bro." Mimi nikaridhika, nikafungua laptopu.

Usiku mmoja nilikuwa namalizia habari, mhariri ananipigia kila baada ya dakika kumi. Dogo akasimama mlangoni. Akasema, "Bro, nina neno."

Nikamjibu bila kugeuka: "Moja tu? Mimi nalipwa kwa maneno mia sita, lete yote."

Akacheka kidogo. "Basi, tutaongea."

Hatukuongea. Siku mbili baadaye nilirudi nikakuta godoro lake limekunjwa vizuri na kusimamishwa ukutani, na begi halipo. Nikampigia, simu haipatikani. Nikadhani ameenda kwa rafiki zake Mbagala. Siku ya tatu mama akapiga kutoka nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mdogo wako ameshafika Tunduma?"

Nikaganda. Kumbe dogo amepata kibarua cha utandiboi kwenye malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Mama anajua, shangazi anajua, mimi ninayelala naye chumba kimoja sijui. Na hapa ndugu msomaji ndipo pananiuma, kwa sababu nilijisikia nikifungua mdomo na sikuwa nimechagua kitu. Nikasema, "Mama, huyo ameenda kuinunua Zambia, atarudi na risiti."

Upande wa pili kimya. Halafu mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, wala hakukasirika: "Na wewe baba, huwa unaongea lini?"

Mambo haya mawili, Carver na simu ya mama, yalitokea ndani ya wiki moja. Ndiyo maana Jumamosi mlinikuta na chai imepoa. Nilikuwa nimeanza gemu upya. Mchawi yule yule, familia ile ile, Bethany akafa tena na mara hii nikaumia zaidi. Ila safari hii nimeapa: kwa Carver, tawi la mzeituni. Kila akinuna, tawi. Na kila jibu nilikuwa nalitazama muda mrefu, najiuliza hili nikiambiwa mimi, na mkubwa wangu, ningelisikiaje. Sentensi moja dakika kumi. Ndizo hizo arobaini.

Mnataka kujua kilichotokea? Mama yao akaja kuomba tena, nikamwacha Carver tena nyumbani, nikarudi, nikakuta amejiunga na Templar vile vile.

Upole haukubadilisha kitu. Pale kinachoamua ni kama umemchukua au umemwacha, siyo ulivyokuwa unamsemesha. (Ukimchukua ndiyo mbaya zaidi, anapata maradhi huko chini na kufa, labda uwe umeongozana na mtu fulani anayejua pa kumpeleka.) Nilikasirika. Sasa alama zote hizi za nini? Kama mdogo wako anaondoka hata hivyo, kuna faida gani ya kuchagua maneno?

Nililiwaza hilo kwenye mwendokasi kutwa nzima ya Jumatatu. Jibu nililopata ni dogo, lakini ni langu. Nilidhani sauti unayoichagua ni ya kumbadilisha unayeongea naye. Ndivyo ninavyoitumia kazini. Kwa kamanda wa polisi nakuwa mpole ili anipe taarifa. Kwa mwenyekiti wa mtaa nacheka ili ajisahau. Kwa ofisa habari anayenizungusha natoa ngumi. Nachagua mdomo ili nipate kitu. Lakini ile gemu haihesabu nilichopata. Inahesabu nilichobonyeza. Inaniambia ukibonyeza hiki mara nyingi utakuwa hiki, na siku usiyoulizwa ndicho kitakachotoka. Kwa mama kilitoka kinyago. Sikukichagua siku ile. Nilikuwa nimeshakichagua mara elfu moja kabla.

Nikakumbuka na ile Planescape: Torment, sentensi moja yenye alama mbili. "Niko poa, bro." Ameniambia mara ngapi? Na mimi, mwandishi wa habari, mtu anayelipwa kujua lini waziri anaposema hali ni shwari hali siyo shwari, sikuwahi kujiuliza ile ilikuwa na alama gani.

Jumatano usiku nikapata namba yake mpya kwa mama. Nikapiga. Alikuwa kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, siku ya pili hawajavuka. Nasikia injini, nasikia watu wanaongea Kiswahili cha kule.

"Dogo."

"Bro! Shikamoo." Hajawahi kunipa shikamoo tangu azaliwe. Umbali una mambo.

Mdomoni ulishakuja utani wa waziri na foleni. Nauona kabisa, umekaa pale katikati ya duara, kinyago chake kinacheka. Sikubonyeza. Nikakaa kimya kidogo, nikasema, "Siku ile uliposimama mlangoni, ulitaka kuniambia nini?"

"Siku ipi?"

"Uliposema una neno."

Akachelewa kujibu. Nikadhani imekatika.

"Nilitaka nauli, bro. Ya kufika Tunduma. Nikaona aibu. Nikajua utanitania kwanza." Kisha, haraka, "Siyo kwa ubaya. Nikauza tu ile simu."

Ile simu nilimnunulia mimi, siku aliyomaliza diploma. Na nauli yenyewe, wakati anasimama mlangoni, ilikuwa kwenye mfuko wa suruali niliyovaa.

Nikamwambia, "Nisamehe, dogo." Nilitafuta la kuongeza, sikupata. Mtu wa maneno mia sita.

"Aah, niko poa, bro."

"Hiyo ya kweli au ya uongo?"

Kimya tena. Injini, mtu anapiga kelele, mwingine anacheka kwa mbali.

"Ya uongo," akasema. "Siyo sana. Nusu."

Tukaanza kuongea kutoka hapo. Akaniambia kuhusu dereva wake ambaye ni mzee wa watu, anamfundisha kuendesha polepole. Akaniambia baridi ya usiku chini ya turubai. Akaniambia kwamba nyumbani kwangu alikuwa anaamka saa kumi alfajiri na kujifanya amelala mpaka nitoke, ili nisimuulize leo anakwenda wapi. Hilo nililisikiliza mpaka mwisho bila kutia neno, na ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Muda wa maongezi ukaisha katikati ya sentensi yake. Nikatoka na kandambili kutafuta vocha, duka limefungwa, nikagonga.

Gari lao likigeuza, atapita Dar. Godoro nimelilaza tena chini. Najua siwezi kuwa mtu wa tawi la mzeituni kwa wiki moja, gemu yenyewe haihesabu hivyo, na kesho nikiingia kazini nitatania kama kawaida kwa sababu bila hivyo hakukaliki. Ila salamu ya waziri nimeifuta. Akifika nitamuuliza habari za safari, halafu nitanyamaza, nisubiri.

Haya, nina habari ya kumaliza na mhariri ameshapiga mara mbili. Kama una mdogo wako mahali anakujibu "niko poa", mpigie.